Kutoka Njia ya Misafara hadi Chumba cha Mihadhara: Lugha na Ujifunzaji wa Elimu ya Juu katika Historia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu suala la kuboresha ufundishaji na ujifunzaji katika madarasa ya vyuo. Kwa kawaida suala hili hujadiliwa kwa kutazama idadi ya wanafunzi, uhaba wa vitabu, ukubwa wa vyumba na sifa za wahadhiri. Hayo yote yana uzito wake. Hata hivyo, lipo jambo moja linalotangulia yote hayo, nalo ni lugha ambayo kwayo mwalimu na mwanafunzi hukutana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, katika historia ya Tanzania ya magharibi, ujifunzaji ulistawi pale ambapo lugha ya kazi, lugha ya maswali na lugha ya maelezo zilikaribiana, na ulidhoofika pale ambapo lugha hizo zilitenganishwa.

Eneo lililochaguliwa kuthibitisha hoja hiyo ni Tabora, pamoja na nchi iliyo kandokando ya njia ya kale ya misafara, hadi Lusu katika Wilaya ya Nzega. Uchaguzi huu si wa bahati nasibu. Tabora ni miongoni mwa sehemu za mwanzo za bara ambako Kiswahili kilipata makazi ya kudumu mbali na pwani. Ni mji uliopata shule ya serikali iliyotoa viongozi wengi wa nchi. Ni mji ambao leo una chuo cha ualimu, seminari kuu na chuo kikuu kishiriki. Kwa hiyo katika eneo moja mtafiti anaweza kufuatilia karne moja na nusu ya watu kujifunza mambo mapya kwa lugha ambayo si ya mama zao.

Mhadhara umegawanyika katika sehemu tano zinazofuata. Ya kwanza inaeleza ujifunzaji katika misafara. Ya pili inatazama darasa la kikoloni. Ya tatu inajadili maamuzi yaliyofanywa baada ya uhuru. Ya nne inaingia ndani ya chumba cha mihadhara cha leo, na ya tano inapendekeza hatua za kuchukua.

2.0 Msafara kama mahali pa kujifunza

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, karibu na ulipo mji wa Tabora wa leo, mwezi Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya nchi ya Unyanyembe. Walipokewa na Snay bin Amir, ambaye aliwapa taarifa nyingi kuhusu njia, watu na lugha za bara. Kutoka hapo njia kuu ilielekea magharibi hadi Ujiji, na nyingine ikaelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi hadi ziwa ambalo Speke aliliendea mwaka 1858. Mwaka 1871 na 1872 Henry Stanley na David Livingstone walikaa Kwihara, katika tembe ambalo hadi leo huoneshwa kwa wageni.

Vitabu vya wasafiri hao vimesomwa sana kwa ajili ya majina ya mito na milima. Mwanaisimu huvisoma kwa sababu nyingine. Msafara wa mamia ya watu haukuweza kwenda hata siku moja bila lugha ya pamoja. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Askari na wafanyabiashara wengi walitoka pwani. Nao watu wa njiani walisema Kigogo, Kikimbu, Kiha na lugha nyinginezo. Kiswahili kikawa lugha ya kugawa mizigo, kuhesabu doti za nguo, kujadiliana hongo na kupanga zamu za ulinzi. Mpagazi kijana aliyetoka kijijini hakujua Kiswahili alipofunga mzigo wake wa kwanza. Aliporejea kutoka pwani alikuwa amekwisha kukijua, na hakuna mwalimu aliyemwekea ubao.

Maneno kadhaa ya leo bado yana alama za safari hizo. Neno hongo lilikuwa na maana ya malipo yaliyotolewa kwa mtawala wa mahali ili msafara upite. Leo lina maana ya rushwa. Neno posho lilikuwa na maana ya chakula cha siku alichogawiwa mpagazi. Leo ni fedha ya kujikimu anayolipwa mtumishi aliye safarini, hata mhadhiri anayehudhuria semina. Maneno haya hayakuingia katika akili za watu kwa kukaririwa. Yaliingia kwa sababu kila aliyekosea maana yake alilala na njaa au alizuiwa njiani.

Ushahidi mwingine umo katika maandishi ya Waswahili wenyewe. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora na alioa katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe. Katika mkusanyo wa Carl Velten uliotolewa mwaka 1901 imo pia habari ya safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande. Maandishi hayo yanaonesha Kiswahili kilichokwisha kumudu kueleza hesabu za biashara, sheria za mikataba, jiografia na siasa, kabla ya serikali yoyote kuunda kamati ya kukisanifisha.

Haifai, hata hivyo, kuipamba historia hii. Njia hiyohiyo iliyobeba lugha ilibeba pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani. Wengi walijifunza Kiswahili kwa kulazimika, na wengine walikijua wakiwa minyororoni. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya wageni kwa Mnyamwezi. Kwa sababu hiyo, jambo la kujifunza kutoka katika misafara si kwamba maisha yale yalikuwa mema. Jambo hilo ni la kiisimu: mtu mzima hujifunza haraka lugha na maarifa pamoja pale anapopewa kazi ya kufanya, watu wa kuwauliza, na ruhusa ya kukosea mbele yao.

3.0 Darasa la kikoloni: Berlin na Tabora

Kiswahili kiliingia katika chumba cha mihadhara cha Ulaya kabla ya kuingia katika chumba cha namna hiyo Afrika Mashariki. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za Mashariki, ambako maofisa wa Kijerumani walifundishwa Kiswahili kabla ya kupelekwa katika koloni. Kazi iligawanywa kwa namna inayostahili kuzingatiwa. Mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi; msaidizi kutoka Afrika Mashariki alikuwa wa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Mmoja wa wasaidizi hao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara upande wa pwani. Alianza kufundisha Berlin mwaka 1900, na maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalitolewa mwaka 1903. Baadhi ya wanafunzi walikataa kumpa heshima ya mwalimu, naye hakukubali kunyamaza. Mwishowe aliiacha kazi hiyo.

Kisa hicho kina maana kubwa kuliko masaibu ya mtu mmoja. Katika mgawanyo ule, maarifa yalihesabiwa kuwa yanatoka kwa anayeeleza kwa lugha ya utawala, na anayeijua lugha yenyewe kwa undani akawekwa katika nafasi ya chombo cha mazoezi. Mgawanyo huo haukubaki Berlin. Uliingia katika shule za koloni kwa sura nyingine.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, na baadaye ukawa chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 serikali ya Uingereza ilifungua Shule ya Tabora, ikikusudia hasa kuwaandaa watoto wa machifu kuwa watawala wa wenyeji. Maisha ya shule hiyo yalifuata mfano wa shule za bweni za Uingereza: mabweni, viranja, michezo na nidhamu kali. Utaratibu wa lugha katika koloni zima ulikuwa kwamba Kiswahili kitumike katika madarasa ya chini na Kiingereza katika madarasa ya juu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusimamia vitabu vya shule.

Faida ya usanifishaji huo haiwezi kukanushwa, kwani bila ya huo kusingekuwa na vitabu vilivyosomeka kutoka Tanga hadi Tabora. Lakini utaratibu huo uliweka pia ngazi katika akili za watu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuanzia, na Kiingereza lugha ya kufikia. Mtoto aliyepanda darasa alihesabiwa kuwa amekiacha Kiswahili nyuma, kama vile alivyokiacha Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani. Kutoka hapo ilizaliwa imani kwamba elimu ya juu na Kiingereza ni kitu kimoja. Katika seminari kuu za Kikatoliki za wakati huo, ikiwamo ya Kipalapala karibu na mji wa Tabora, ngazi ilikuwa na kidato kimoja zaidi, kwa kuwa falsafa na teolojia zilisomwa kwa Kilatini.

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa Shule ya Tabora, Julius Nyerere, anaonesha sura zote mbili za historia hii. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Alianza kusoma katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, kisha akarudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Mtu aliyepita katika ngazi hiyo yote, na kufanikiwa, angeweza kuitetea bila masharti. Badala yake, mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo zilikuwa hoja kuhusu uwezo wa Kiswahili, iliyotolewa kwa vitendo.

4.0 Maamuzi baada ya uhuru

Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwaka 1964 shughuli za ile Kamati ya Lugha zilihamishiwa humo na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huohuo ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, waraka uliokosoa elimu iliyowatenga vijana na jamii zao na kuthamini cheti kuliko uelewa. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, na Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, ulitarajia kwamba hatua hiyo ingeendelezwa hadi sekondari.

Jaribio kubwa la elimu ya juu lilifanyika mwaka 1970, ilipoanzishwa Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufundisha kwa Kiswahili. Wahadhiri wa mwanzo walilazimika kuandaa mihadhara na istilahi zake kwa wakati mmoja. Maneno kama isimu, fasihi, mofimu na sintaksia, ambayo leo mwanafunzi huyatamka bila kufikiri, yalijadiliwa, yalipingwa na kujaribiwa darasani kabla ya kukubalika. Mwaka 1990 Taasisi ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, ambayo kwa kiasi kikubwa ni zao la madarasa hayo. Mwaka huohuo ilitoka pia kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Somo la jaribio hilo ni kwamba istilahi hazikutangulia ufundishaji, bali zilizaliwa humo. Wanaosema kwamba Kiswahili kisubiri kipate msamiati ndipo kifundishie elimu ya juu wanaigeuza historia hiyo juu chini.

Utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, uliochapishwa na Baraza la Kiswahili mwaka 1978, ulionesha haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na chuo kikuu mwaka 1991. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza nchini na kukuta kwamba wanafunzi walio wengi hawakukimudu kiasi cha kujifunzia; hata hivyo walipendekeza kiendelee kutumika na ufundishaji wake uimarishwe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikibakiza Kiingereza kuwa lugha ya sekondari na elimu ya juu, huku Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikizungumzia matumizi ya Kiswahili katika ngazi zote. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu. Utekelezaji wake katika madarasa ya vyuo haukufuata kwa kasi ya maandishi.

Ni haki kuzieleza pia hoja za upande wa pili. Nyerere mwenyewe, katika miaka ya 1980, alitetea Kiingereza kwa kukilinganisha na nafasi ambayo Kiswahili kinayo miongoni mwa makabila ya Tanzania: ni lugha ya kukutania na walimwengu. Vitabu vya sayansi vilivyopo kwa Kiingereza ni vingi mno kuweza kutafsiriwa vyote. Mzazi wa Nzega anayeuza ng'ombe ili mtoto asome hataki mtoto huyo afungiwe mlango wa ajira za nje. Hoja hizi ni za kweli. Kosa lake ni moja: zinathibitisha haja ya kukijua Kiingereza, lakini hazithibitishi kwamba njia ya kukijua ni kufundishiwa fizikia kwa Kiingereza kisichoeleweka. Watafiti kama Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell wameitenganisha kwa makini haja hiyo na njia hiyo. Kuchanganywa kwa mambo hayo mawili ndiko kulikoufanya mjadala uzunguke mahali pamoja kwa miongo mingi.

5.0 Ndani ya chumba cha mihadhara

Tangu mwishoni mwa karne iliyopita elimu ya juu nchini imepanuka sana. Vyuo vikuu binafsi viliruhusiwa katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa, na Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Upanuzi huo uliifikia Tabora pia, ambako kipo chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo. Hayo ni mafanikio. Lakini ukubwa wa madarasa uliimarisha desturi iliyokuwapo tangu zamani: mhadhiri husoma maelezo, mwanafunzi hunakili, na mtihani huyadai maelezo yaleyale. Paulo Freire wa Brazili aliifananisha elimu ya namna hiyo na kuweka fedha benki, ambapo mwanafunzi ni akaunti ya kuwekewa.

Desturi hiyo kwa kawaida hulaumiwa kuwa ni uvivu wa wahadhiri au woga wa wanafunzi. Ukiitazama kwa upande wa lugha, inaonekana kuwa na mantiki yake. Mwanafunzi asiye na uhakika wa sentensi yake haulizi swali, kwa sababu swali humwanika mbele ya wenzake. Mhadhiri asiyepata maswali hana njia ya kujua kilichoeleweka, hivyo huendelea mbele. Kunakili kunamlinda mwanafunzi dhidi ya aibu, na kunamlinda mhadhiri dhidi ya ukimya. Wote wawili humaliza muhula salama, na maarifa yakabaki daftarini. Kwa hiyo mbinu shirikishi zinazohimizwa katika semina za wahadhiri haziwezi kufaulu peke yake. Kuwagawa wanafunzi katika vikundi na kuwataka wajadiliane kwa lugha wasiyoweza kujadiliana nayo ni kuwahamisha viti tu.

Kwa kweli wanafunzi wamekwisha kupata ufumbuzi wao, nao hauandikwi katika taarifa yoyote. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza. Jioni, katika vikundi vya kujisomea, mada hiyohiyo huchambuliwa kwa Kiswahili. Kisha majibu hurudishwa katika Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Wahadhiri wengi nao huchanganya lugha pale wanapotaka jambo lieleweke kweli. Kitendo hicho hufanywa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kosa. Wanaisimu, akiwamo Casmir Rubagumya, wamekichunguza kwa muda mrefu katika madarasa ya Tanzania. Jambo lililo wazi ni kwamba kitendo kinachofanyika kila siku na kusaidia kila siku kinastahili kupangwa vizuri badala ya kufichwa.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi nje ya chuo. Lusu ilijulikana nchini kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Golden Pride, ulioanza uzalishaji mwaka 1998, ulikuwa wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa iliyofunguliwa baada ya mageuzi ya sekta ya madini. Baada ya uchimbaji kukoma katika miaka ya 2010, eneo hilo lilikabidhiwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Mahali palipochimbwa dhahabu pakapangiwa kazi ya darasa.

Mhitimu wa fani hiyo huyasoma mambo ya miamba, baruti na uingizaji hewa kwa Kiingereza. Lakini wachimbaji wadogo wa kanda hiyo wana lugha yao ya kazi, iliyo kamili na sahihi: duara ni shimo lao, matimba ni magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, karasha ni mashine ya kusaga mawe, na mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu. Mhitimu akijua kanuni ya uimara wa ukuta wa shimo, lakini asiweze kumweleza mchimbaji kwa nini matimba ya duara lake yasogezwe karibu zaidi kabla ya masika, elimu yake inaishia mlangoni mwa chuo. Gharama ya upungufu huo hailipwi na mhitimu. Hulipwa na aliye chini ya ardhi.

Hali ni hiyohiyo katika sheria. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya mahakama. Mwanasheria aliyesoma kwa Kiingereza anatakiwa kumtetea mteja wake kwa Kiswahili cha kisheria ambacho hakufundishwa. Mwalimu wa shule ya msingi huenda kufundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, na daktari humsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili. Fani nyingi ambazo vyuo huziandalia wataalamu zinatendwa kwa lugha ambayo vyuo havikuifundishia.

6.0 Njia za kuboresha

Kutokana na uchambuzi huu, hatua kadhaa zinaweza kuchukuliwa bila kusubiri sera mpya.

Kwanza, mhadhara uwe na lugha mbili kwa mpango. Dhana mpya ifunguliwe kwa lugha ambayo wanafunzi huifikiria, ijadiliwe kwa lugha hiyo, kisha ifungwe kwa lugha ya vitabu na mtihani. Mpango wa namna hiyo humlazimu mhadhiri kujua ni wakati gani anatumia lugha gani na kwa nini, tofauti na kuchanganya kunakotokea kwa dharura.

Pili, kila kozi iwe na orodha ya istilahi zake kwa lugha zote mbili, na wanafunzi washiriki kuiandaa. Katika fani za kazi, istilahi hizo zitafutwe pia kwa watendaji. Kijana wa Lusu anayejua maana ya matimba anaingia darasani na mtaji, na mhadhiri mwenye busara huanza na mtaji huo.

Tatu, ufundishaji wa Kiingereza chenyewe uimarishwe na wataalamu wa lugha, kikiwa somo linalojitegemea lenye saa za kutosha. Jim Cummins wa Kanada, tangu mwaka 1979, ametofautisha lugha ya mazungumzo ya kawaida na lugha ya kitaaluma, ambayo huchukua miaka mingi zaidi kuijenga. Tofauti hiyo ipo hata katika Kiswahili. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili vizuri sokoni hajapata bado Kiswahili cha kuandikia tasnifu. Kwa hiyo uandishi wa kitaaluma ufundishwe katika lugha zote mbili.

Nne, mitihani ibadilishwe. Swali linalomtaka mwanafunzi aeleze dhana kwa mfano wa mahali anapotoka haliwezi kujibiwa kwa kunakili. Mhadhiri akitaka kujua kama wanafunzi wanatafakari, aanze kwa kuangalia kama maswali yake yanadai tafakuri.

Tano, wahadhiri wapewe mafunzo ya ualimu. Shahada ya uzamivu huthibitisha uwezo wa kutafiti. Haithibitishi uwezo wa kumfanya mwingine aelewe. Vyuo vya ualimu vina ujuzi mrefu wa mazoezi ya kufundisha, na vyuo vikuu havitapungukiwa na heshima vikijifunza huko.

Hatua hizo zina masharti. Hazitafaulu bila vitabu, na vitabu havitaandikwa ikiwa uandishi wa kitabu cha kiada kwa Kiswahili hauhesabiwi ipasavyo katika kupandisha vyeo. Aidha, Kiswahili kisirudie kosa la kuzidharau lugha nyingine. Mwanafunzi ambaye hufikiria hesabu kwa Kisukuma au Kinyamwezi ana haki ya kutumia lugha hiyo katika kikundi chake cha kujisomea, kama wazee wake walivyoitumia njiani pamoja na Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Historia ya Tabora inaonesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba Kiswahili kilibeba maarifa magumu ya biashara, safari na utawala kabla ya kusanifishwa, kwa hiyo swali la uwezo wake lilikwisha kujibiwa. La pili ni kwamba ngazi ya lugha iliyoachwa na ukoloni ilikuwa uamuzi wa watu, wenye tarehe na sababu zake, na kilichoamuliwa na watu kinaweza kuamuliwa upya. La tatu ni kwamba jaribio la mwaka 1970 lilionesha njia ya kufanya hivyo: kuanza kufundisha, na kuacha istilahi zikomae katika kazi.

Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo ni kubwa, na inaadhimishwa kwa hotuba na ngoma. Kipimo chake cha kweli, hata hivyo, kimo katika siku nyingine zote za muhula, katika chumba ambamo mwanafunzi ananyanyua mkono kuuliza jambo asilolielewa, na mhadhiri anaweza kumjibu mpaka akaelewa.